DEREVA AKISIMAMA KWA SABABU YA UKUNGU, ASIKATWE POSHO



Kila mwaka unapoingia mwezi wa Juni, sisi wa magari makubwa twajua yanayotungoja huko juu. Kuanzia Limuru, kupita Uplands na Kimende mpaka Kinungi, ukungu washuka jioni na mara nyingi hauondoki mpaka jua limepanda. Ukishapita Nakuru na kupanda Sachangwan, ukaenda Mau Summit na Timboroa, ambako reli yenyewe yapita karibu futi 9,000 juu ya bahari, wakuta mvua, baridi na ukungu pamoja, na mikono yashika usukani kama si yako. Hivyo ndivyo ilivyo mpaka Agosti. Watu wasemao Kenya haina majira ya baridi hawajapata kubadilisha tairi Timboroa saa tisa ya usiku.

Kila mwaka pia twaletewa mawaidha. Endesha polepole. Washa taa. Pumzika ukichoka. Ni maneno mema na sina ugomvi nayo. Lakini karatasi ya maneno hayo imebandikwa ukutani karibu na dirisha lile lile ambapo dereva hupewa posho ya safari, na posho hiyo kwa matajiri wengi hulipwa kwa safari, si kwa siku. Ukienda Malaba na kurudi mara nne kwa mwezi, wapata za safari nne. Ukienda mara tatu, wapata za tatu. Hakuna anayekuuliza kama ile ya nne ulilala kando ya barabara kwa sababu hukuona hata bonde la mbele yako. Basi karatasi yasema polepole, na dirisha lasema upesi. Dereva ana watoto, na watoto hawali karatasi.

Wiki chache zilizopita dereva mmoja alinieleza habari zake. Alitoka Nairobi jioni akiwa na trela lililojaa, akafika Kinungi akakuta ukungu umefunga kabisa. Akafanya linalopaswa. Akatoka barabarani, akaingia kwenye uwanja wa malori, akangoja. Akafika kwa mwenye mzigo masaa matano baada ya wakati alioandikiwa. Mwisho wa mwezi akakuta posho ya safari hiyo imekatwa nusu, na barua ya onyo juu yake. Simtaji tajiri wake, kwa kuwa jambo hilo bado lashughulikiwa, na kwa kweli tajiri huyo si mbaya kuliko wengine. Nataka mjiulize tu: safari ijayo, ndugu huyo akikuta ukungu kama ule, atasimama?

Tufanye hesabu kidogo. Gari la mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwisho wetu kwa sheria, lakwenda mita 22 kila sekunde. Kitabu cha sheria za barabara cha Uingereza chasema kuwa gari dogo kwa mwendo huo, barabara ikiwa kavu, lahitaji mita 53 kusimama. Mita 15 ni za dereva kuona na kukanyaga, na 38 ni za breki. Barabara ikilowa, hizo za breki zaweza kuwa mara mbili, basi yafika kama mita 90. Hilo ni gari dogo lenye breki nzuri na matairi mapya. Wewe una trela ambalo kwa sheria ya Afrika Mashariki laweza kufika tani 56, matairi unayajua mwenyewe, na ukungu wa Kinungi wakuonyesha mita 40. Hizo mita 50 zilizobaki utazipata wapi? Utazipata ndani ya matatu iliyosimama mbele yako.

Kwa hiyo katika ukungu mwendo wa haki ni ule unaokuwezesha kusimama ndani ya yale unayoyaona, wala si ule ulioandikwa kwenye kibao. Mara nyingi ni kilomita 30, au 20. Sasa kipande cha kilomita 60 ambacho kwa siku njema kingekwisha kwa saa moja, kitakula masaa mawili au matatu. Masaa hayo ni ya nani? Hapo ndipo penye neno.

Lakini kabla sijafika kwa matajiri, nina maneno na sisi wenyewe, maana chama kinachoficha makosa ya watu wake hakisikilizwi na mtu.

Kwanza ni habari ya nyutro. Toka mteremko wa Sachangwan mpaka Salgaa, na pengine pia, kuna ndugu zetu wanaotoa gia na kuliacha lori liteleze lenyewe, ili kuokoa dizeli, na dizeli iliyookolewa yajulikana inakokwenda. Najua sababu. Mshahara hautoshi, na lita kumi ni unga wa wiki. Hata hivyo nasema wazi, hakuna mkutano wa chama hiki utakaotetea nyutro. Lori lisilo na gia halina injini ya kulishika, uzito wote waangukia breki, breki zapata moto, na breki yenye moto haishiki. Barabara ikiwa na maji ndipo mambo yazidi, kwa kuwa hata breki ikishika, tairi lateleza. Usiku wa kuamkia 31 Desemba 2017, pale Migaa karibu na Salgaa, watu 36 walikufa basi na lori vilipogongana, na baadaye Serikali ikajenga kizuizi cha kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Kizuizi ni kitu chema. Lakini hakitii gia kwa niaba ya mtu. Mteremko washukwa kwa gia nzito, ile ile ambayo ungeupandia, na gia hiyo yatiwa kabla ya mteremko kuanza, si katikati.

Pili ni taa. Kuna wanaodhani kwamba ukungu ukizidi, taa kubwa ndizo dawa. Sivyo. Taa kubwa katika ukungu zarudishwa machoni pako kama umemulika ukuta uliopakwa chokaa. Tumia taa za chini, na za ukungu kama gari linazo. Wala usishikamane na taa nyekundu za mwenzako ukasema yeye ndiye atakuongoza. Akiingia shimoni, utamfuata humo humo. Taa za hatari ni za gari lililosimama au lililoharibika. Ukienda nazo zikiwaka, anayekufuata hajui kama umesimama au wakata kona.

Ukisimama, simama nje ya lami kabisa. Lori lililoacha matako barabarani katika ukungu ni mtego. Laifseva ziwekwe mbali nyuma, kwa mwendo ambao anayekuja ataweza kuziona na kupunguza, si hatua tatu nyuma ya trela kwa kumridhisha askari. Na yale matawi ya miti na mawe tunayopanga barabarani gari likiharibika, jamani, tuyaondoe tukiondoka. Nimeona piki piki imeangushwa na mawe ya lori lililokwenda zake saa nyingi zilizopita.

Juu ya maji nitasema machache, kwa kuwa wengi wenu mwayajua. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo mbaya, kwa sababu mafuta na vumbi la miezi vyapanda juu ya lami na kuifanya kama sabuni. Usukani ukiwa mwepesi ghafula mkononi, jua kwamba tairi laelea juu ya maji. Inua mguu polepole, usikanyage breki, usizungushe usukani. Lori tupu huteleza upesi kuliko lenye mzigo, na breki ya injini ikitumiwa kwa nguvu kwenye lori tupu barabara ikiwa na utelezi, yaweza kufunga magurudumu ya nyuma. Ukishapita majini, kanyaga breki kidogo kidogo mpaka zikauke, kabla hujazihitaji. Upande wa Kericho na Nandi mna mvua ya mawe, ambayo yaweza kuifanya barabara kuwa nyeupe kwa dakika chache. Septemba 2008, karibu na Nyahururu, mawe hayo yalifunika ardhi hata watu wakadhani theluji imeanguka Kenya.

Maji yanayokimbia juu ya barabara ni jambo jingine kabisa. Hapo hakuna ufundi. Kina cha sentimita 30 chatosha kusukuma gari dogo, na sentimita 60 zaweza kuchukua magari mengi, hata pikapu. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu huko Mwingi, basi lililokuwa likienda arusini liliingia katika maji yaliyokuwa yakipita juu ya daraja. Watu zaidi ya 30 walikufa, wengi wao wanakwaya. Watu walikuwa wamesimama ng'ambo zote mbili wakitazama. Mto kama huo mara nyingi hushuka baada ya masaa machache tu.

Na masaa hayo je, ni ya nani? Twarudi pale pale.

Nchi za theluji zina shida kuliko sisi. Huko barabara yaganda, na kitabu kile kile cha Uingereza chasema kusimama juu ya barafu kwaweza kuhitaji mara kumi ya nafasi ya barabara kavu. Baadhi ya ndugu zetu wa Kenya wamekwenda kuendesha malori Ulaya na Amerika, na wakirudi likizo watu huwauliza habari za theluji tu. Mimi nataka tuwaulize habari za sheria. Ujerumani, barabara ikiwa na barafu au theluji, lori haliruhusiwi kwenda bila ya matairi ya baridi. Swidi vivyo hivyo kwa malori, majira ya baridi barabara ikiwa ya baridi. Katika nchi zote za Umoja wa Ulaya kuna sheria ya mwaka 2006 inayosema dereva akishaendesha masaa manne na nusu apumzike dakika 45, na siku moja asizidi masaa 9, isipokuwa mara mbili katika wiki aweza kufika 10. Lakini kilicho kikubwa kwetu kimo katika kifungu cha 10 cha sheria hiyo. Kinamkataza mwenye magari kumlipa dereva, hata kwa njia ya bahshishi, kwa kufuata urefu wa njia, upesi wa kufikisha au wingi wa mzigo, ikiwa malipo ya namna hiyo yahatarisha usalama wa barabara.

Someni tena maneno hayo. Wazungu waliona kwamba namna ya kulipa yaweza kuua kama tairi kipara linavyoua, wakaiandika katika sheria. Hawakusema dereva apewe mawaidha zaidi.

Na sisi hatuko bure. Sheria ya Trafiki yasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya masaa 8 katika masaa 24. Siku ya masaa 8 si zawadi ya juzi. Makhan Singh na wenzake walikuwa wakiidai hapa Nairobi mwaka 1936. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 14, yasema mfanyi kazi akiona hatari kubwa iliyo karibu aripoti kwa msimamizi wake, na asilazimishwe kurudi mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Wala aliyeondoka kwa sababu ya haki asifukuzwe wala kuadhibiwa. Na sisi mahali petu pa kazi ni kebini na barabara. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara ya mali yake pale tu mfanyi kazi alipoiharibu kwa makusudi. Dereva aliyengoja ukungu uondoke ameharibu nini kwa makusudi?

Kinyume chake tazameni. Dereva asiyengoja, akaua mtu, ashtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, na sheria yaruhusu kifungo cha mpaka miaka 10. Karani aliyempigia simu mara sita usiku ule akimwuliza "Umefika wapi?" hayumo kizimbani. Aliyepanga kwamba mzigo utoke bandarini usiku na ufike mpaka kesho yake hayumo. Magazeti yaandika kwamba dereva alishindwa kulidhibiti gari. Kweli alishindwa. Lakini lilianza kushindikana asubuhi, ofisini.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba mazungumzo ya mkataba yatakapoanza, tusiishie kwenye nyongeza ya mshahara peke yake. Tudai posho ilipwe kwa siku ambayo mtu yuko njiani, na lori likisimama kwa sababu ya ukungu, mafuriko au barabara iliyofungwa, siku hiyo ihesabiwe kuwa ya kazi, na chakula na malazi yalipwe. Dereva ndiye awe mwamuzi wa kusimama, kwa kuwa yeye ndiye aliye na macho mahali pale. Kabla ya Juni na kabla ya mvua za Machi, matairi, waipa, taa na breki zikaguliwe mbele ya dereva, naye apewe nakala ya karatasi ya ukaguzi. Na turniboi aandikwe jina. Hili la turniboi halina mjadala kwangu. Wengi wao huchukuliwa na dereva mwenyewe getini, na siku ya ajali tajiri asema hamjui, hospitali haimjui, na Sheria ya Fidia ya Majeruhi Kazini ya 2007 haimsaidii mtu ambaye hakuna anayekubali kuwa alimwajiri.

Matajiri watasema: madereva watasingizia ukungu wapate kulala. Hilo ni neno la kujibiwa, si la kutukania. Siku hizi malori mengi yana chombo kinachoonyesha ofisini lilipo kila dakika, na kila mmoja wetu ana simu yenye kamera. Chombo hicho mpaka leo kimetumiwa kutukimbiza. Basi kitumike pia kushuhudia. Dereva akisimama apige picha ya barabara, apige simu ofisini, na atoe taarifa saa aliyosimama na saa aliyoondoka. Kama malori kumi ya kampuni kumi yamesimama Kinungi saa ile ile, ni nani atakayesema wote wamesingizia? Na kama liko moja tu lililosimama, na usiku ulikuwa mweupe, basi ndugu huyo ajieleze mwenyewe, chama hakitamficha.

Watasema tena kwamba mwenye mzigo atawatoza faini kwa kuchelewa. Ni kweli, na hapo sina hasira nao. Wao pia wamebanwa na mwingine aliye juu yao. Lakini mkataba wa mzigo waandikwa na wao na mwenye mzigo, mezani, kwa kalamu. Waweza kuandikwa kwamba ukungu na mafuriko havitozwi faini. Ikiwa kila kampuni itaogopa kuwa ya kwanza kuandika hivyo, ndiyo sababu kuna chama, ili neno hilo lidaiwe kwa kampuni zote pamoja na asiwepo wa kuupata mzigo kwa kuwaua watu wake.

Baadhi yenu pia mwapenda malipo ya safari, na nimesikia hoja yenu. Kijana mwenye nguvu asema, "Mimi naweza safari sita, kwa nini nilipwe sawa na mzee wa safari nne?" Namjibu hivi: safari hizo mbili zaidi umezipata kwa usingizi wako, na tajiri ameshazihesabu. Mwakani ataweka sita kuwa kawaida, na wewe utakuwa umeongeza mwaka mmoja.

Kamati ya tawi inakusanya habari kwa ajili ya mazungumzo hayo, na habari bila ya tarehe hazifai kitu mezani. Kila mwanachama aliyekatwa posho au kuandikiwa onyo kwa sababu ya kusimama katika ukungu au maji, tangu mvua za Machi mpaka sasa, alete karatasi ya malipo ya mwezi ule, barua ya onyo kama anayo, na picha kama alipiga. Asiye na karatasi alete namba ya lori, tarehe, mahali na jina la turniboi aliyekuwa naye. Karani wa tawi ataandika kila kitu katika daftari, na jina la anayeleta halitaonyeshwa kwa mwajiri bila ya ruhusa yake. Ofisi yafunguliwa Jumamosi mpaka saa kumi, kwa ajili ya wale wanaorudi kutoka Malaba siku hiyo.